Mnara Uliolala Ugweno

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msemo huu wa wahenga haumhusu mhunzi. Tembo lililotiwa maji laweza kunyweka jioni nzima na watu wakaenda zao wakiimba. Jembe lililofuliwa kwa pupa litamuumbua aliyelifua siku ya kwanza shambani, kwenye jiwe la kwanza. Kazi ya mhunzi hutahiniwa mbali naye, mikononi mwa mama aliyeinama kwenye mteremko wa Ugweno umande haujakauka, na hukumu ya mama huyo haina rufaa. Kwa hiyo naziandika sifa hizi bila woga wa kumharibu ninayemsifu.

Yupo mzee mmoja mwenye banda kando ya njia, hapa Shighatini, katika milima ya Pare Kaskazini. Banda lenyewe ni nguzo za mkaratusi na mabati yaliyokwisha kutoboka. Ndani mna fuawe ambalo zamani lilikuwa kipande cha reli, makoleo mawili, nyundo za uzito mbalimbali, pipa la maji, na feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda. Mjukuu wake ndiye anayezungusha. Malighafi yake ni springi za magari yaliyokufa. Anazikata kwa patasi, anazitia motoni, na kwenye springi iliyokuwa inabeba magunia ya vitunguu hadi Moshi anatoa jembe, mundu, shoka, au kisu cha kukatia majani ya ng'ombe.

Ukimkuta motoni na kumwamkia, ataitikia bila kuinua macho. "Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo. Wewe unaweza kungoja, chuma hakiwezi." Hana kipimajoto. Rangi ndiyo inayomwambia kila kitu. Chuma kikiwa chekundu kilichofifia hakigusi, kwa kuwa kitapasuka kwa ndani na ufa hautaonekana hadi msimu ujao. Kikifika rangi ya machungwa anakivuta na kukiweka kwenye fuawe, na hapo nyundo yake haina papara wala uvivu. Kikianza kuwa cheupe na kurusha cheche kimeungua, na kilichoungua hakiponi. Anakitupa kando hata kama amekihangaikia asubuhi nzima.

Kinachonipendeza zaidi huja mwishoni, wengi wakidhani kazi imekwisha. Jembe limekwisha kupata umbo, anaupasha moto upande wa makali, kisha anazamisha majini makali peke yake na kuuacha mgongo upoe wenyewe. Halafu anayasugua makali kwa jiwe hadi yang'ae, analisogeza jembe karibu na moto, na kutazama rangi zikitambaa juu ya chuma: manjano iliyopauka, kahawia, kisha zambarau. Inapotokea rangi anayoitaka analirudisha majini mara moja. Makali yamepata ugumu wa kukata na mgongo umebaki na ulaini wa kuvumilia. Jembe gumu lote litavunjika, na jembe laini lote litajikunja. Ukitazama kazi hii kwa makini utatambua kwamba fundi huyu anakipa kipande kimoja cha chuma tabia mbili, kila moja mahali pake, kwa macho yake tu. Madukani Mwanga na Same zipo rafu zilizojaa majembe yaliyopigwa na mashine, yote sawasawa, bei yake nafuu. Mengi huvunjika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Tunayatupa, tunanunua mengine, wala hatuoni ajabu.

Lakini hata huyu mzee, pamoja na ufundi wake, ni tawi la mti uliokwisha kukatwa. Yeye anafua. Waliomtangulia katika milima hii walikuwa wakifua, na kabla ya kufua walikuwa wakikizalisha chuma chenyewe kutoka ardhini.

Utotoni tulikuwa tukisubiri redio ife. Redio ya betri ikizimika moja kwa moja, baada ya wakubwa kuitikisa na kuipiga makofi, sisi tulikuwa na hamu na kitu kimoja ndani yake, sumaku ya spika. Aliyeipata alikuwa mtu mkubwa kijijini kwa wiki nzima. Mvua za vuli zikishanyesha na maji yakishakauka njiani, chini ya mitaro hubaki michirizi ya mchanga mweusi unaometameta, mzito kuliko mchanga mwingine, uliotengwa na maji yenyewe. Tulikuwa tukiiburuta sumaku juu ya michirizi ile, na mchanga unainuka na kusimama wima, nywele kwa nywele, unazunguka sumaku hadi haionekani tena. Tunaukwangua, tunaujaza kwenye kopo la maziwa, tunaburuta tena. Kopo likijaa lilikuwa linatushinda kunyanyua kwa mkono mmoja.

Hatukuwa na kazi nao. Tulipenda tu kuona udongo wa kwetu ukiitikia wito. Siku moja bibi alitukuta mtaroni, akatazama kopo, na badala ya kutugombeza kwa kuchafua nguo akasema, "Hayo ndiyo majembe ya babu zenu." Akatueleza alivyosimuliwa na mama yake: wanawake na watoto walikuwa wakishuka vijitoni baada ya mvua, wanauosha mchanga kwa vibuyu vilivyopasuliwa, wanaacha mwepesi uende na maji na kubaki na mweusi, wanauanika juani, wanaupeleka kwa wahunzi. Mchanga wenyewe ulikuwa mtapo. Hapakuwa na shimo la mgodi wala baruti. Mlima ulijichimba wenyewe kwa mvua, na watu wakaokota.

Nikiwa mtu mzima nimekuja kusoma kwamba bibi alikuwa anasema kweli tupu. Watafiti wa mambo ya kale wanaijua Pare Kaskazini kwa mchanga huu wa chuma. Mwaka 2018 Louise Iles na wenzake walichapisha utafiti juu ya uzalishaji wa chuma katika milima hii, wakichunguza mavi ya chuma yaliyoachwa na matanuri pamoja na udongo ulioporomokea mabondeni, ili wajue jinsi moto wa wahunzi ulivyoigeuza nchi. Na kule Pare Kusini, mahali paitwapo Bombo Kaburi, Robert Soper alikuta katika miaka ya 1960 vyungu vya mtindo wa Kwale, vyungu vya wakulima waliokijua chuma, vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Sisi tuliochezea mitaroni tulikuwa tumekaa juu ya kazi ya karne nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukoo wa Washana. Katika Ugweno, ukimtaja Mshana umetaja uhunzi. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, aliwasikiliza wazee na kuandika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare. Humo tunawakuta Washana wakiwa wahunzi na watawala kwa pamoja: wenye nyundo ndio waliokuwa wenye nchi. Baadaye ukoo wa Wasuya ukawapindua. Kwa upande wa Wasuya anatajwa Angovi, na baada yake Mranga aliyeupanga utawala upya. Washana walinyang'anywa nchi, nyundo ikabaki mikononi mwao. Mtawala yeyote aliyekuja baada yao alihitaji majembe, na askari wake walihitaji mikuki. Heshima ya mhunzi ilichanganyika na hofu, kwani watu wa milima hii na wa Kilimanjaro waliamini kwamba laana inayotamkwa juu ya vyombo vya uhunzi haikosi njia ya kumfikia mkosaji.

Fikiria kazi ilivyokuwa. Tanuri la udongo, mkaa wa miti migumu, mivukuto ya ngozi inayopulizwa bila kupumzika kwa kupokezana, pumzi ikipita kwenye bomba la udongo na kuingia kwenye kiini cha moto. Mchanga mweusi unanyunyizwa juu ya mkaa kidogo kidogo. Ndani ya tanuri hilo chuma hakiyeyuki. Ili chuma kitiririke kinahitaji nyuzi joto zaidi ya 1,500, na moto wa mkaa na mivukuto haukuhitaji kufika huko. Kinachoyeyuka ni uchafu, unaochuruzika na kuganda chini kuwa mavi ya chuma. Chuma chenyewe kinajikusanya pole pole, chembe kwa chembe, kinakuwa bonge jekundu lenye matundu. Bonge hilo hutolewa na kupigwa likiwa moto, uchafu uliosalia unaruka cheche, matundu yanafumba, na baada ya kurudishwa motoni na kupigwa tena na tena linakuwa chuma cha kufuliwa. Hakuna kitabu kilichomwambia mhunzi ni lini bonge limeiva. Alisikiliza sauti ya moto, akatazama rangi ya ndimi zake, akajua.

Chuma hicho ndicho kilichoinua heshima ya milima hii midogo mbele ya mlima mkubwa wa jirani. Wachagga walikuwa na migomba, mifereji na ng'ombe, lakini Kilimanjaro haikuwapa mtapo. Chuma chao kilitoka Pare. Kilishuka kwa miguu kutoka Ugweno na Usangi, kikavuka nyika, kikapanda kwa wahunzi wa Uchaggani waliokigeuza majembe na mikuki, na mikuki mingine ikaishia mikononi mwa Wamasai. Kurudi huku kulikuja mifugo na vyakula. Kabla hapajakuwa na wilaya, mkoa wala reli, vipande vya chuma kutoka vijito vya Ugweno vilikwisha kuwaunganisha watu wasiosema lugha moja wala kuabudu namna moja. Ningependa mtu anionyeshe kiungo kilichodumu kuliko hicho.

Watu hupenda kuutaja mnara wa Eiffel wanapotaka kusema juu ya ukuu wa chuma, na mimi nitautaja. Simtaji Gustave Eiffel ili Mshana aonekane mdogo. Nautaja kwa sababu chuma cha mnara ule na chuma cha Ugweno ni ndugu wa damu, na ndugu huyu wa Paris amepata bahati ambayo wa kwetu hakuipata.

Mnara ulianza kujengwa tarehe 28 Januari 1887 ukafunguliwa tarehe 31 Machi 1889. Wahandisi waliochora wazo lake la kwanza mwaka 1884 walikuwa Maurice Koechlin na Émile Nouguier. Umbo lile la miguu iliyotanuka chini na kukutana juu limetokana na hesabu ya upepo, upepo unaosukuma chuma kilichosimama mita 300 kutoka ardhini. Una vipande 18,038, tani 7,300 za chuma, na ribiti 2,500,000 zinazovishikanisha. Wakati huo pua ilikuwa imekwisha kupata njia rahisi ya kutengenezwa kwa wingi, ila Eiffel alichagua chuma cha kufuliwa alichokijua na kukiamini. Kilitoka kwenye viwanda vya Pompey, Lorraine.

Chuma hicho kilipatikanaje? Mtu alisimama mbele ya tanuri akiwa na fimbo ndefu ya chuma. Ndani ya tanuri, chuma ghafi kilichoyeyuka kilikuwa kikikorogwa ili kaboni yake iungue, na kadiri ilivyopungua ndivyo uji ule ulivyokuwa mzito, ukamshinda mkono, kama ugali unavyomshinda msongaji unapokaribia kuiva. Mtu yule alikuwa akilikusanya bonge kwa jicho na kwa uzito aliousikia mkononi, akalitoa, likapigwa nyundo hadi uchafu ukaruka, kisha likapitishwa kwenye magurudumu na kuwa bamba. Mhunzi wa Ugweno angeletwa pale asingehitaji mkalimani. Angeliona bonge jekundu, angeona cheche za uchafu zikikimbia nyundo, angetikisa kichwa kwa kuelewa. Ukikata chuma cha mnara na kukitazama kwa ndani utakuta nyuzi nyembamba za mavi ya chuma zimelala humo, na ukikata jembe la Mshana utakuta nyuzi za jamaa hiyohiyo. Ni alama ya chuma kilichopatikana kwa kupigwa.

Kisha tazama ribiti. Kila moja ilihitaji watu wanne: mmoja kuipasha moto, mmoja kuishikilia ikiwa imepita kwenye tundu lake, mmoja kulitengeneza umbo la kichwa, na mmoja kupiga nyundo. Theluthi mbili zilifungwa karakanani Levallois-Perret, zilizobaki zilifungwa juu, kwenye ubao mwembamba, mbele ya upepo, kwa moto wa jiko dogo lililopandishwa pamoja nao. Ribiti ikipoa husinyaa, na inaposinyaa huyabana mabamba mawili kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauna. Mtu wa kwanza kati ya wale wanne, yule wa moto, alikuwa akiijua ribiti iliyoiva kwa rangi yake. Huyo naye ni mjukuu wa wahunzi wote.

Kuna jambo jingine la mnara ule ambalo kila ninapolikumbuka linanipa raha. Miguu minne iliinuka kwa kuegemea, kila mmoja peke yake, na ilipofika mahali pa kukutana kwenye ghorofa ya kwanza ilibidi matundu ya mguu huu yakutane sawasawa na matundu ya boriti za kuunganisha, vinginevyo ribiti haipiti. Walifanyaje? Chini ya viegemeo walikuwa wameweka masanduku yaliyojaa mchanga, na chini ya miguu jeki za maji. Pahala palipozidi urefu walifungua tundu la sanduku, mchanga ukachuruzika kidogo, chuma kikashuka kwa kadiri ileile. Desemba 1887 vipande vikakutana. Mnara mkubwa wa zama zile ulipangwa kwa kufungulia na kuzuia mchanga, kazi ambayo mtoto wa Shighatini aliyecheza mtaroni angeielewa mara moja.

Ilitarajiwa mnara usimame miaka 20 tu, kisha ubomolewe. Umeokolewa na watu waliokataa uende. Walioutetea waliupatia kazi ya mawasiliano ya redio, na tangu hapo umetunzwa. Karibu kila miaka 7 hupakwa rangi upya, tani 60 hivi, na rangi hiyo hupakwa kwa brashi, kwa mkono, na watu waliojifunga kamba. Mtu akiniuliza mnara ule unasimama kwa sababu gani, nitaitaja hesabu ya Koechlin, nitazitaja ribiti, halafu nitawataja wale wenye brashi. Chuma hurudi udongoni kikiachwa. Unyevu na hewa vitakila pole pole bila kelele hadi kiwe vumbi jekundu. Kinachokizuia ni mtu anayerudi tena na tena kukiangalia.

Mwaka uleule wa 1889, Wafaransa wakipandisha bendera juu ya chuma chao, pwani yetu ilikuwa inawaka. Abushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani alinyongwa Pangani mwezi Desemba, kwenye mdomo wa mto ambao maji yake hupita chini ya milima hii ya Pare. Miaka minne baadaye reli ikaanza kutandikwa kutoka Tanga. Mwaka 1911 ilifika Moshi, ikiwa imepita Same na chini ya miteremko ambako Washana walikuwa wakizalisha chuma. Mataruma na vyuma vya reli vyote vilishuka melini. Pamoja na reli yalikuja majembe ya viwandani, mengi na rahisi, na sufuria na waya. Wamisionari wa Leipzig, waliofungua kituo hapa Shighatini karibu na mwaka 1900, walitufundisha kusoma na kuandika, na kwa hilo tunawashukuru hadi leo; ila shule zilizofuata, za misheni na za serikali, hazikuufanya uhunzi kuwa somo. Mtoto mwenye akili alipelekwa kwenye kalamu. Aliyeshindwa ndiye aliyerudishwa kwenye mivukuto, na ufundi uliokuwa wa wafalme ukageuka kuwa wa walioachwa nyuma.

Hivyo moto wa kuzalisha ukazimika. Wahunzi hawakufa. Waligeukia chuma cha wengine, vipande vya reli na springi za malori, wakaendelea kukifua kwa ujuzi uleule wa rangi na maji. Mzee wa banda la Shighatini ni mrithi wao. Hata huko Ulaya mtu wa fimbo na tanuri ametoweka. Kiwanda cha mwisho nchini Uingereza kilichokuwa kikitengeneza chuma cha namna ile kilifungwa Bolton katika miaka ya 1970. Wenzetu, hata hivyo, waliichukua mitambo ya kiwanda kile wakaiweka kwenye makumbusho ili watoto waione. Waliipoteza kazi, wakalinda kumbukumbu yake. Sisi tumepoteza vyote viwili, na la pili tumelipoteza bila kulazimishwa na mtu.

Nani atanipinga? Panda Ugweno leo. Juu ya vilele imesimama minara ya simu, myembamba, iliyofungwa kwa nati, na sina neno baya juu yake. Kwa minara hiyo mama wa Shighatini anasikia sauti ya mwanawe aliye Dar es Salaam. Lakini hakuna mtu kijijini anayejua nani aliifua, chuma chake kilitoka wapi, wala nani atakayeiangalia ikichakaa. Chini yake, kwenye mashamba ya migomba, mtu anayelima hukutana na mapande meusi mazito, mavi ya chuma ya matanuri ya Washana. Anayaokota na kuyatupa kwenye mpaka, au yanamwagwa barabarani kuziba mashimo wakati wa mvua. Nimepita mara nyingi njia hizo. Sijaona kibao hata kimoja kinachosema: hapa watu walitengeneza chuma.

Wala kasoro hii si ya Upare pekee. Zanzibar tulikuwa na Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 kwa nguzo ndefu za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo, jengo lililowaacha watu vinywa wazi. Mnara wake wa saa ulisimama mbele ya bahari kwa zaidi ya karne moja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo iliporomoka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukarabati ulikuwa umekwisha kuanza, ila chumvi na unyevu vilikuwa vimeanza kazi yao miaka mingi kabla. Kila mmoja wetu alikuwa na picha ya jengo lile. Waliokuwa na brashi walikuwa wachache.

Kwenye mnara wa Paris, chini ya baraza ya kwanza, Eiffel aliandika kwa herufi kubwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa. Majina ya waliopasha ribiti hayamo. Nilipolijua hilo niliwaza majina ya Washana waliojua lini bonge limeiva. Hata sisi tunaodai kuwa watu wa asili, tunaomwaga maji kwa ajili ya marehemu na kukumbuka nasaba hadi kizazi cha saba, tukiulizwa jina la mhunzi mmoja aliyezalisha chuma tunanyamaza. Nasaba za watawala tunazo, Profesa Kimambo alizikusanya. Nasaba za mikono tumeziacha zife na wenye mikono, na wazee waliowaona wazee waliowaona wazalishaji wa mwisho wanapungua kila msimu wa kipupwe.

Mjukuu anayezungusha feni ya babu yake anataka pikipiki. Simlaumu, bodaboda italeta fedha jioni ileile, na jembe linangoja mnunuzi anayejua tofauti. Wanunuzi wa namna hiyo ndio sisi, na tumeacha kuijua tofauti. Tunampa mzee springi na kumwambia afanye haraka. Tunamwomba apunguze bei ifike ya jembe la dukani, kisha tunalalamika kwamba mafundi wa siku hizi hawana uaminifu. Mhunzi hatalitia maji tembo lake kwa kusifiwa. Atafunga banda kwa kudharauliwa, na banda hili likifungwa sijui jingine Shighatini ambamo chuma kinasomwa kwa rangi.

Siku hizi wapo vijana wanaopita vijijini na mizani wakinunua chuma chakavu kwa kilo. Wanauziwa sufuria zilizotoboka, rimu za baiskeli, na pamoja navyo majembe ya kale yaliyokuwa uvunguni mwa vitanda vya mabibi, membamba kwa kulimiwa, yaliyofuliwa na mikono ambayo hakuna aliyeiandika. Yote yanatupwa kwenye gari moja. Yanakwenda kuyeyushwa kiwandani na kurudi yakiwa nondo, na nondo hizo tunazinunua tena Mwanga kujengea nyumba zetu milimani. Basi upo uwezekano kwamba chuma cha Mshana, kilichotoka kwenye kijito cha Ugweno, kimerudi Ugweno kikiwa ndani ya zege ya nyumba ya kitukuu wake, na kitukuu huyo alikiuza kwa kilo na kukinunua kwa kilo bila kujua kilikuwa chake. Chuma hakikupotea. Aliyepotea ni Mshana, na aliyempoteza ni sisi tuliokuwa na jembe lake nyumbani miaka yote hiyo tusimuulize bibi limetoka wapi.